Usiku WhatsApp ilipozima

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, ikikaribia saa moja usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ile alama ya saa inayokaa pembeni ya ujumbe ambao haujatoka iligoma kugeuka tiki. Wengi walidhani bando limekwisha. Wakaongeza salio, wakazima simu na kuiwasha, wakaomba waifai kwa jirani. Kumbe WhatsApp, Facebook na Instagram zilikuwa zimezima dunia nzima kwa mpigo, na zilikaa hivyo muda wa takriban saa sita.

Hapakuwa na udukuzi. Katika matengenezo ya kawaida, mafundi wa Facebook, kampuni iliyomiliki huduma zote tatu (leo inaitwa Meta), walitoa amri ya kupima uwezo wa njia kuu zinazounganisha vituo vyao vya data, na amri hiyo ikakata njia zote. Programu iliyowekwa kukagua amri za namna hiyo ilikuwa na hitilafu, haikuizuia. Seva zinazoiambia dunia Facebook inapatikana wapi, zilipoona hazivifikii vituo vya data, zikajiondoa zenyewe kwenye ramani ya intaneti. Baya zaidi, nyenzo ambazo mafundi wangezitumia kurekebisha zilitegemea mtandao uleule uliokufa, hivyo ilibidi watu wafunge safari hadi vituoni. Kampuni ilijifungia nje ya nyumba yake yenyewe.

Je, tulikosea kuyaweka mawasiliano yetu yote humo?

Wanaosema hatukukosea wana hoja nzito. Bibi asiyejua kuandika anabonyeza kipaza sauti na kumtumia salamu mjukuu aliyeko Muscat. Kikoba, kamati ya harusi, wazazi wa darasa la tatu, wote wamo. Thamani ya huduma kama hii ni watu waliomo. Ukihama peke yako, utaongea na nani? Tena kuzima kwa namna ile ni nadra, kwetu umeme hukatika mara nyingi zaidi. Na kukimbilia kwingine si dawa kamili: Pavel Durov, mwanzilishi wa Telegram, alisema siku ile walipokea watumiaji wapya zaidi ya milioni 70, na kwamba baadhi ya watu huenda waliiona huduma yake ikienda polepole kwa kuelemewa.

Nakubali yote hayo. Lakini mfikirie mama anayeuza vitenge Kariakoo. Jioni amepakia mzigo kwenye basi la Mbeya. Desturi yake ni kuipiga picha risiti ya basi na kumtumia mteja, maana ndiyo yenye namba ya mzigo na simu ya kondakta. Picha haitoki. Kupiga simu angeweza, ila namba ya mteja hakuiandika popote. Wanafahamiana kwa mazungumzo ya WhatsApp tu, na oda zenyewe, rangi na idadi ya doti, zimo humohumo. Alichopoteza kwa saa zile ni daftari lake, duka lake na wateja wake kwa pamoja. Kumwambia mama huyu kwamba hali hiyo hutokea mara chache hakumsaidii, na kumlaumu kwa kutojipanga ni kumwonea. Alikwenda walipo wateja.

Ndiyo maana sioni kosa kwa watu kupenda huduma moja. Kosa liko kwenye ukuta unaoizunguka. Barua pepe hutoka kampuni moja ikaingia nyingine bila kuulizwa. SMS nazo hivyohivyo, na usiku ule ziliendelea kutembea. Wakati ule ukiwa kwenye programu nyingine, hukuweza kumwandikia aliyeko WhatsApp.

Ukuta wa namna hii Tanzania tumewahi kuubomoa. Zamani mwenye Tigo Pesa hakuweza kumtumia mwenye Airtel Money pesa ikaingia moja kwa moja kwenye akaunti yake. Kuanzia 2014 kampuni za simu zikaanza kuunganisha huduma hizo, na Vodacom ikajiunga 2016. Leo mtu anatuma tu.

Umoja wa Ulaya umekwenda njia hiyo kwa ujumbe: sheria yake ya masoko ya kidijitali inailazimisha WhatsApp kupokea na kupeleka ujumbe wa huduma nyingine zinazoomba kuunganishwa. Wapo wanaohofia kwamba usiri wa mazungumzo utalegea ujumbe ukivuka kutoka kampuni hadi kampuni, na matapeli watapata upenyo. Hofu hiyo ni ya kweli, inataka uhandisi makini. Kwangu bado ni bei nafuu kuliko kuwaacha mamilioni wakisubiri mafundi wa kampuni moja waingie vituoni mwao.

Wasimamizi wa mawasiliano wa Afrika Mashariki waidai haki hiyohiyo kwa watumiaji wa huku, wakidai kwa pamoja, maana soko la nchi moja ni dogo. Hadi hapo, mama wa Kariakoo aiandike namba ya mteja nyuma ya risiti kabla mzigo haujapanda basi, na namba ya kondakta amtumie kwa SMS.