Lumbesa ya Alama

Ukikata nyama kwa mizani isiyogongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, umejitafutia faini. Ukifunga viazi lumbesa, gunia likavikwa kilemba cha kamba na majani, Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, inakusubiri kwenye kizuizi: mwisho kilo 100, kilemba vua. Hata muuza mafuta ya kupima anajua kopo lake linaweza kukaguliwa siku yoyote. Sasa naomba kuuliza, jamani, kwa sauti ya mtu wa benchi la kahawa: kipimo cha vichwa vya watoto wetu, yaani viwango vya alama za mtihani wa kidato cha nne, kinagongwa muhuri na nani? Maana hicho, kati ya 2013 na 2016 peke yake, kimebadilishwa mara nne, na sijasikia mtu katozwa hata shilingi.

Tuanze na tulichonacho leo, kwa sababu wengi wanakibishania bila kukishika mkononi. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mzazi anafungua simu na kukuta namba ya mtihani, jinsia, pointi, divisheni, halafu treni ya vifupisho: CIV D, HIST F, GEO D, KISW C, B/MATH F. Mzazi huyu anaingiza tokeni ya umeme wa LUKU yenye tarakimu 20 gizani bila kukosea, lakini hapa anamwita mtoto wa jirani amsomee. Na mtoto wa jirani naye anasema tu, "Hongera, kafaulu," kisha anaondoka haraka. Kafaulu nini? Haelezi.

Iko hivi. A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, chini ya hapo ni F. Kila herufi ina pointi: A moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Yanachukuliwa masomo saba ambayo mtoto kafanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa, na hapo ni kama foleni ya maji: mwenye namba ndogo ndiye mwenye raha. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni wani, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo. Pointi 34 na 35 ndiyo ziro yenyewe.

Chukua kalamu basi. Mtoto wa kwanza kapata 64 kwenye masomo yote saba. C saba, pointi 21, divisheni tuu. Mtoto wa pili kapata 45 kwenye masomo yote saba. C saba, pointi 21, divisheni tuu. Wamepishana alama 133, na divisheni inasema ni mapacha. Mtoto wa tatu kapata 44 kila somo, yaani kapungukiwa alama moja moja tu na huyo wa pili. D saba, pointi 28, divisheni foo. Thrii hata hakuigusa, kaipita kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Alama 133 hazikumpandisha mwenzake hata kidole, alama saba zimemshusha yeye ghorofa mbili.

Subiri, kuna kituko kikubwa zaidi. Nyumba ya kwanza mtoto kapata 45 ya Kiswahili na sifuri sita. Sifuri kweli, karatasi nyeupe kama kanzu ya Idi. C moja na F sita: 3 jumlisha 30, pointi 33. Divisheni foo! Kafaulu, kuku anakimbizwa uani. Nyumba ya pili mtoto kapata 44 ya Kiswahili, na masomo sita yaliyobaki yote kapata 29. D moja na F sita: pointi 34. Ziro. Ukijumlisha alama zake anazo 218, jirani anazo 45, na ni huyu wa 218 anayefichwa chumbani wageni wakija.

Baba mtu atataka kwenda kulalamika. Kwa nani? Hesabu ni sahihi, na hilo ndilo linalouma. Alama ukizigeuza kuwa herufi, unamwaga kidogo. Herufi ukizigeuza kuwa divisheni, unamwaga tena. Ni kama uji unaohamishwa kutoka sufuria kwenda bakuli, kutoka bakuli kwenda kikombe: kila chombo kinabaki na chake, na mgonjwa anakunywa kilichofika. Mwajiri na chuo wakiuliza divisheni peke yake, wanaulizia kikombe.

Sasa twende kwa wenye sauti. Februari 2013, Waziri wa Elimu Shukuru Kawambwa alitangaza matokeo ya mtihani wa 2012, na karibu watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa na ziro. Nchi ilinyamaza dakika moja, halafu kila mtu akawa mtaalamu wa elimu, kuanzia kondakta mpaka msusi. Muda mfupi kabla ya hapo mbunge James Mbatia alikuwa amepeleka bungeni hoja binafsi juu ya udhaifu wa elimu, kwa hiyo watu walikuwa tayari wameanza kuulizana mtaala wenyewe ukoje. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Ilipofika Mei serikali ikasema matokeo yafutwe, yapangwe upya.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu, na si ya kudharau. Mwaka ule Baraza la Mitihani lilitumia viwango vya alama vilivyofungwa, wakati nyuma yake mipaka ya alama ilikuwa inasogezwa kufuatana na watahiniwa walivyofanya, ili mtihani uliokuwa mgumu kupita kiasi usiwaue wote. Watu hawakuandaliwa kwa mabadiliko hayo. Sawa, hoja inaeleweka. Lakini mtazame mtoto. Karatasi ileile, majibu yaleyale, daftari hajaligusa tangu siku ya mtihani. Kuna waliolala ziro wakaamka foo. Godoro gani hilo? Na sisi tuuziwe.

Bado tunashangaa, mwishoni mwa Oktoba 2013, mtihani mwingine ukiwa mlangoni, ikaletwa ngazi mpya. A inaanzia 75, B pluzi 60, B ya kawaida 50, C 40, D 30, E 20, F ndiyo chini ya hapo. Na ikatangazwa kwamba divisheni ziro inazikwa, mahali pake inazaliwa divisheni faivu. Hapo ndipo benchi la kahawa lilipovunjika mguu kwa kicheko. Ziro kuiita faivu ni sawa na mwenye njaa kumwita mwenye swaumu: jina limepata heshima, tumbo halina habari. Na kumbuka mwaka huohuo ulianza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, uliotaka ufaulu ufike asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Mimi simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mrukaji akiahidi kuruka juu zaidi kila mwaka, ni vizuri yule anayeshika kamba awe mtu mwingine.

Ngazi hiyo ilikuja pia na alama 40 za kutoka shuleni, mtihani wa mwisho ukabaki na 60. Zile 40 zilikatwa hivi: upimaji wa kidato cha pili 15, mihula miwili ya kidato cha tatu tano tano, mtihani wa majaribio, yaani moko, 10, kazi ya mradi 5. Kwenye karatasi inapendeza, maana mtoto hapimwi kwa wiki mbili tu za homa na hofu. Shida inaanza kwenye kalamu. Mtihani wa ndani anautunga mwalimu, anausimamia mwalimu, anausahihisha mwalimu, na ufaulu ukishuka anaulizwa mwalimu. Mwenye huruma anajaza 9 kwa 10 darasa zima. Mkali anayetoa 4 kwa haki kabisa, watoto wake ndio wanaoingia chumba cha mtihani wakidaiwa. Na ile kazi ya mradi ya alama tano, tusidanganyane, nyingi zimekamilishwa na baba saa tano usiku kwa gundi na boksi la viatu. Baba kapata tano kwa tano. Hongera zake.

Mtihani wa 2014 ukaja na GPA, yaani wastani wa pointi za masomo saba. Distinksheni ni 3.6 mpaka 5, meriti inaanzia 2.6, krediti 1.6, pasi 0.3. Miaka yote tulizoea pointi zikipungua ndiyo baraka, sasa ikawa zikiongezeka ndiyo baraka. Mzazi aliyekuwa anaomba dua namba ishuke akatakiwa ageuze dua katikati ya sala. Na hapa nitasema jambo ambalo wenzangu hawapendi: wale watoto wetu wa 64 na 45, GPA iliwatenganisha. Wa 64 alikuwa na B pluzi saba, pointi nne kila moja, GPA 4.0, distinksheni, picha ukutani. Wa 45 alikuwa na C saba, GPA 2.0, krediti. Hiyo ilikuwa haki zaidi ya tulichonacho leo. Ila nani alimweleza mzazi? Aliletewa 0.3 iitwayo pasi, akauliza kama ni kilo au lita. Maana D mbili zenye pointi moja moja, ukigawa kwa saba, unapata 0.29, unakaribia 0.3, mtoto kapita akiwa na masomo mawili tu mfukoni.

Mwishoni mwa 2015 tukapata waziri mpya wa elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye ndiye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza matokeo ya 2012 yalipotoka. Akataka aelezwe GPA ililetwa kwa sababu gani. Mwanzoni mwa 2016 divisheni ikarudi nyumbani kama mume aliyetoroka, bila maelezo mengi, na sahani yake ikawekwa mezani. Na waliomaliza katikati? Wapo. Wana vyeti vya GPA, na kila wakiomba kazi inabidi waeleze distinksheni ni nini kwa mtu ambaye fomu yake ina visanduku vya wani mpaka foo.

Siasa nyingine ni ya orodha. Zamani matokeo yakitangazwa tulisomewa shule kumi bora na watahiniwa bora, kisha shule kumi za mwisho zinasomwa kama majina ya marehemu. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza hao bora. Wabunge wakagawanyika, wenye shule binafsi wakanuna. Mimi niko upande wa kuacha. Shule inayochuja watoto kwa mtihani wa kuingia, ikawachuja tena kidato cha pili, halafu ikashika namba moja, ni sawa na muuza maembe anayetupa mabovu asubuhi na jioni anasifiwa kwa mwembe wake. Lakini kufuta orodha hakujafuta chochote, kwa sababu matokeo ya kila shule yako wazi mtandaoni. Kabla adhana ya magharibi haijalia, kijana mmoja mwenye bando keshapanga orodha yake na kuisambaza kwenye magrupu, na ina makosa ya kujumlisha.

Lugha nitaipitia mbio, maana ukiikalia unalala hapo. Mtoto wa shule ya serikali anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili: KDS na KKS za hesabu, na usanisinuru wa sayansi. Anamaliza la saba kwa kusiliba, penseli ya HB, kiduara kijae bila kutoka nje. Januari anaingia kidato cha kwanza, karibu kila kitu kimebadilishwa jina usiku kuwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili. Halafu tunashangaa kwamba somo lenye C ni KISW. Kila bunge linabishana lugha ipi, na watoto wa wanaobishana wengi hawakuwahi kuijua KDS.

Na sasa imeletwa sera mpya ya elimu, ile ya 2014 toleo la 2023. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita, ya lazima inakuwa miaka kumi, sekondari kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi. Amali naiunga mkono kwa mikono miwili, ila mkono mmoja unauliza karakana ziko wapi, mashine ya kuchomelea nani kanunua, na umeme upo. Fundi hawezi kufundishwa kwa mchoro wa ubaoni. Ukimpa divisheni wani ya kuchomelea mtoto aliyeona cheche kwenye picha, geti litakuangukia wewe.

Lakini hesabu niipendayo ni ya 2027. Mwaka huo darasa la saba la mwisho linamaliza, na darasa la sita la kwanza linamaliza pamoja nalo. Aliyeanza la kwanza 2021 na aliyeanza 2022 wote wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028, asubuhi moja, geti moja. Madawati mara mbili, vyumba mara mbili, matundu ya vyoo mara mbili, walimu wa hisabati mara mbili, na hao hata mara moja hawatoshi. Mwenye watoto waliofuatana mwaka mmoja ananunua sare mbili, mabegi mawili na madaftari makubwa marundo mawili kwa mshahara uleule. Na nyumbani ndiko kwenye kazi. Kaka akidai heshima kwa sababu yeye kasoma msingi miaka saba, mdogo wake atamuuliza huo wa saba alikuwa anafanya nini.