Wapimaji wa kelele wasiikimbie kusi

Gesi iliyogunduliwa tangu 2010 kwenye kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara bado haijaanza kuchimbwa. Naomba muda huu usipotee. Mitambo ikishaanza kunguruma, hakuna atakayeweza kurudi nyuma kupima sauti za chini ya bahari zilivyokuwa kabla yake.

Upimaji uchukue miezi 12 mfululizo. Ni rahisi kupanga kazi za boti wakati wa kaskazi, bahari ikiwa na nafuu. Lakini nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa wakati wa kusi, zaidi Julai hadi Oktoba. Ripoti iliyopimwa Januari itaandika kwamba nyangumi hawapo, nayo itakuwa ya kweli na isiyofaa kitu. Isitoshe, mawimbi ya kusi yana kelele yake, na bila kuijua hutatenganisha ya upepo na ya mitambo.

Kuning'iniza hidrofoni, yaani kipaza sauti cha majini, ubavuni mwa boti hakutoshi. Boti ikipanda na kushuka na wimbi, kifaa hunasa mtikisiko wake chenyewe. Kinasa sauti kikae karibu na sakafu ya bahari, kishikwe na nanga na boya lililozama, na karibu na hidrofoni itumike kamba badala ya mnyororo, maana pingu za chuma zikigongana huharibu rekodi nzima. Mkondo mkali nao huleta mngurumo wa chini ambao si sauti ya bahari, ni maji yanayosukumana na kifaa. Asiyelijua hilo ataripoti kelele ambayo haipo.

Kasi ya kunasa, yaani kifaa kinapima sauti mara ngapi kwa sekunde (kila kipimo ni sampuli), nayo ina maana yake. Sampuli 48,000 kwa sekunde zinatosha kwa wimbo wa nyangumi. Mbofyo wa pomboo wadogo wa Bahari ya Kaskazini, huko Ulaya, uko karibu kilohezi 130, yaani mitetemo 130,000 kwa sekunde, na sampuli lazima zizidi mara mbili ya hapo, kwa hiyo huhitaji sampuli zaidi ya 260,000. Ukikosea hapo, mnyama anapita mbele yako na faili linaonyesha kimya.

Huko Denmark, nguzo za mitambo ya umeme wa upepo ya Horns Rev 2, iliyo baharini, zilipigiliwa kwa kelele kubwa mwaka 2008. Vinasa milio vilikuwa majini mfululizo, ndiyo maana ilijulikana kwamba kilomita 2.6 kutoka kwenye nguzo, mibofyo ya pomboo ilibaki chini ya kawaida kwa saa 24 hadi 72, na athari ilifika karibu kilomita 18. Ujerumani imeweka ukomo wa desibeli 160 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila pigo la kupigilia nguzo, zikipimwa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Ili kupunguza kelele hiyo, wajenzi huzungushia nguzo pazia la mapovu ya hewa, ingawa mkondo ukiwa mkali hulisukuma likaacha mwanya.

Desibeli hizo zisilinganishwe na za hewani: shinikizo la sauti linalohesabiwa kuwa desibeli sifuri majini ni maikropaskali 1, hewani ni maikropaskali 20, na hilo peke yake ni tofauti ya desibeli 26.

Kibali cha uchimbaji kidai rekodi ghafi zikabidhiwe vyuo vyetu, si muhtasari wa ripoti tu.