Mwembamba Naye Apimwe Mafuta

Wiki iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu kliniki ya kisukari. Nilipouliza kama watampima na mafuta kwenye damu, nikajibiwa: "Kijana mwembamba hivi, mafuta yatoke wapi?" Mpaka leo jibu hilo linanikera.

Yanatoka kwenye ini, ndugu zangu! Insulini haishughuliki na sukari peke yake. Ndiyo inayozuia mafuta ya mwili yasiyeyuke ovyo. Ikipungua, mafuta hayo hukimbilia kwenye ini, nalo huyarudisha kwenye damu yakiwa trigliseridi, yaani aina ya mafuta ya damu. Hata kimeng'enya cha kuyaondoa kwenye damu kinaitegemea insulini. Kwa hiyo kijana wa kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha, akiruka sindano zake anaweza kuwa na mbavu za kuhesabika na mafuta mengi kwenye damu.

Na macho? Sukari ikishaharibu mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mishipa huvuja. Mwaka jana mdogo wangu alitiwa matone ya macho, mboni zikapanuka hata mwanga wa dirishani ukawa unamuumiza, kisha daktari akatuonyesha picha: vidoa vya njano, vimeganda kama siagi, karibu na sehemu ya retina tunayoitumia kusoma. Ni mafuta na protini zilizovuja. Na alikuwa anaona vizuri, hana maumivu yoyote!

Nakubali, sukari kwanza. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, 1983 hadi 1993, ulionyesha kwamba kuidhibiti vizuri hupunguza kwa 76% hatari ya retina kuanza kuugua. Lakini katika kundi hilohilo, waliokuwa na macho mabaya zaidi walionekana pia kuwa na trigliseridi za juu zaidi. Mwaka 2024, utafiti wa LENS kule Uskoti ulikuta fenofibrate, dawa ya mafuta, imepunguza kwa 27% hatari ya ugonjwa wa macho kusonga mbele. Wengi walikuwa wa aina ya pili, ila wa aina ya kwanza walikuwemo. Sisemi mkainunue; hilo ni la daktari.

Ninachodai ni kipimo. Kusoma herufi ukutani si kupimwa retina. Ukifikisha miaka mitano na kisukari cha aina ya kwanza, dai kupimwa retina kwa matone kila mwaka, na mafuta yapimwe hata kama u mwembamba. Mjamzito asingoje zamu ya mwaka, retina inaweza kuharibika haraka. Na siku ya matone nenda na mtu, maana kwa saa kadhaa hutaweza kuendesha hata baiskeli.