Asiyekuja kwenye msafara hana roho ya korosho

Msafara wa pikipiki wa hisani ukikaribia, hakosi mtu wa kuwasuta wenzake: kwenye nyama choma mnajaa, ikifika zamu ya watoto yatima mnaingia mitini. Maneno hayo hunikera, ingawa mimi mwenyewe ni mpenzi wa misafara hiyo. Anayekuja na asiyekuja wanaweza kuwa na huruma ile ile. Kinachowatenganisha, kwa jinsi ninavyoona hapa Dar es Salaam, ni kazi ambayo pikipiki inafanya katika maisha ya kila mmoja.

Tuanze na sisi tunaojaa. Wengi wetu tuna ajira za mezani, na pikipiki zetu kubwa hukaa zimefunikwa turubai tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Tunatafuta sababu ya kuwasha injini. Hisani inatupa sababu, njia na watu wa kwenda nao, tena inatupa ruhusa. Nyumbani ni rahisi zaidi kuaga ukisema unapeleka magodoro kwenye kituo cha watoto kuliko ukisema unakwenda Bagamoyo kula samaki. Sioni unafiki hapo. Starehe yetu ikimnunulia mtoto godoro, mtoto halali vibaya kwa sababu mleta godoro alifurahia safari.

Kuna watu walioijua siri hiyo mapema wakaitumia vizuri. Mwaka 2012, Mark Hawwa wa Sydney, Australia, alianzisha The Distinguished Gentleman's Ride baada ya kuona picha ya Don Draper, yule mhusika wa tamthilia ya Mad Men, akiwa na suti juu ya pikipiki ya kizamani. Waendeshaji huvaa suti na tai, wanawake nao hupendeza kwa namna yao, na fedha huenda kwenye utafiti wa saratani ya tezi dume na afya ya akili ya wanaume. Kila mshiriki huwaomba ndugu na marafiki zake wamchangie kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo fedha nyingi zimeshaingia kabla injini hazijawaka. Lakini waandaaji wanataka pikipiki za mtindo wa kizamani, au zilizotengenezwa zifanane na za zamani. Mwenye pikipiki ya mbio, ile ya kulalia tangi, anaelewa bila kuambiwa kwamba sherehe hii si yake. Ukishachagua mavazi na mashine, umeshachagua watu. Mimi sina neno na hilo, mradi tusiwaite wachoyo wale tuliowaacha nje.

Halafu kuna watu wanaoogopa, nao wana haki. Msafara mrefu una tabia yake. Kiongozi akipunguza mwendo kidogo pale Tegeta, wa kumi anashika breki, wa thelathini anasimama kabisa. Kiongozi akiongeza kidogo, wa nyuma wanalazimika kukimbia mno ili wasiachwe. Kwa hiyo mbele wanatembea hamsini, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa kwenye makazi, huku nyuma mtu ameshapita themanini, na mara nyingi huko nyuma ndiko wanakojipanga wageni wasio na uzoefu. Katikati anajipenyeza daladala. Anayejua kuendesha kwa makundi hukaa zigizaga na mwenzake wa mbele, anaacha nafasi ya sekunde mbili, na hakubali kuvutwa na mkumbo. Asiyejua anakodolea macho taa ya nyuma ya mwenzake. Nimewasikia waendeshaji hodari kabisa, watu wanaokwenda peke yao hadi Mbeya bila wasiwasi, wakisema hawataki kufa kwa kosa la mtu wasiyemjua jina. Mtu wa namna hiyo akikutumia mchango kwa simu, pokea na umshukuru. Usimuulize mbona hukumwona.

Hao wa safari za peke yao wana jambo jingine ambalo sisi wa makundi hatulielewi haraka. Kwao pikipiki ndiyo mahali pekee pasipo na kikao. Humo ndani ya helmeti hakuna bosi, hakuna mwenyekiti wa harusi, hakuna anayeuliza tumefikia wapi. Sasa unamletea ratiba, fulana, wasimamizi wenye filimbi na hotuba ya mgeni rasmi. Umemletea kikao chenye magurudumu.

Lakini lawama kubwa huwaangukia bodaboda, na hapo ndipo ninapoona tunakosea zaidi. Ndio wengi barabarani kupita sisi sote, na kwenye misafara ya hisani hawaonekani. Waandaaji hulalamika: tuliwaalika, swali lao la kwanza likawa "mafuta yapo?" Wanaona ni tamaa. Lakini fikiri nani aliyewafundisha kuuliza hivyo. Kila kampeni za uchaguzi zikifika, wanajaziwa mafuta ili waupambe msafara wa mgombea. Kwao msafara ni kazi, ina bei yake, na kuuliza bei ya kazi si utovu wa adabu. Wewe Jumapili yako haina hesabu. Yeye akiingia kwenye msafara wako tangu asubuhi hadi saa nane, jioni tajiri mwenye pikipiki bado anaingoja hesabu yake kamili, yaani fedha anayopelekewa kila siku, na kama pikipiki ni ya mkataba, anayoilipia kidogo kidogo hadi iwe yake, siku aliyoikosa haifutwi, inasogezwa mbele. Mchango wako wewe ni elfu hamsini uliyoipanga. Wake ni mapato ya siku hiyo bila kupanga, ukijumlisha mafuta, chakula na abiria wa kudumu aliyempoteza kwa sababu siku hiyo simu haikupokelewa.

Na ni uongo kusema hawajui msafara wa bure. Nenda kwenye mazishi ya mwenzao. Kijiwe kizima kinafungwa, vijiwe vya jirani vinakuja, jeneza linasindikizwa kwa honi na injini zinazonguruma hadi makaburini, na hapo hakuna anayeuliza mafuta. Vijiwe vingi vina mfuko wa kusaidiana, na mwenzao akivunjika mguu buku buku zinachangwa siku hiyo hiyo. Wanatoa kwa mtu wanayemjua, kwa shida wanayoijua, na fedha inafika bila kamati. Sisi tunachangisha kwa ajili ya majeruhi wa ajali za barabarani, tunapiga picha mbele ya hospitali, tunamshangaa bodaboda kwa kutokuja, na huku wodini wamelala bodaboda wenzake. Anaombwa achangie kiti cha magurudumu ambacho kesho kinaweza kuwa chake.

Kama kweli tunawataka, tusiwaite Jumapili asubuhi wakati watu wanakwenda kanisani na sokoni. Twende kijiweni siku ya kazi, baina ya saa nne na saa nane mchana, abiria wanapopungua. Tupeleke wachangishaji wa damu pale pale chini ya mwembe. Damu haina hesabu ya tajiri, na wao wanajua kuliko sisi inavyohitajika.

Kuhusu wanawake nitasema kidogo, kwa sababu wenyewe wamenisemea. Baadhi hupenda msafara kwa kuwa ndani ya kundi hakuna dereva wa lori anayewachezea. Baadhi hawarudi mara ya pili kwa kuwa walipigwa picha kuliko magodoro.

Afrika Kusini wana desturi ya tangu miaka ya 1980 inayoitwa Toy Run: mwisho wa mwaka waendeshaji hufunga midoli kwenye pikipiki zao na kuipeleka kwa ajili ya watoto. Ninachokipenda ni wepesi wake. Kiingilio ni mdoli. Mwenye injini ya cc 1,200 na mwenye ya cc 125 wanabeba kitu kile kile, na asiyependa kundi anaweza kutangulia, akaacha mdoli wake, akageuza. Huku kwetu tumebuni ada ya kujiandikisha, fulana ya lazima, beji, na chakula cha mchana cha hoteli. Siku hizi, kabla sijajiandikisha, huwauliza waandaaji mambo mawili: katika ada yangu, kiasi gani kinaishia kwenye fulana, na nani anaongoza mbele, nani anafunga nyuma. Wakinijibu "tutaona siku hiyo", natuma mchango moja kwa moja kwenye kituo chenyewe, halafu Jumamosi, siku moja kabla yao, napita Bunju na Mapinga kimya kimya kwenda kula samaki wangu.