Maji ya kunywa na unene wa watoto: faida inatoka wapi?

Mzazi wa Arusha au Moshi anayeona mtoto wake ananenepa kupita kiasi hupewa ushauri uleule na kila anayemuuliza, kuanzia shangazi wa mtoto hadi mhudumu wa kliniki: mnyweshe maji kwa wingi. Ushauri huo una msingi, ila mara nyingi hubebeshwa mzigo usiouweza. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya maji katika suala la uzito inatokana na kinywaji yanachokiondoa mkononi mwa mtoto. Na kwa mkoa wa Arusha, mjadala huu haujakamilika mpaka tuulize maji yenyewe yana nini ndani yake.

Wanaoyatetea maji wana ushahidi wa kuheshimiwa. Katika miji ya Dortmund na Essen nchini Ujerumani, mwaka 2006 na 2007, watafiti walifuatilia watoto karibu 3,000 katika shule za msingi 32 zilizo kwenye maeneo ya watu wa kipato cha chini. Baadhi ya shule hizo ziliwekewa mashine za maji ya kunywa na wanafunzi wakafundishwa umuhimu wa maji. Mwishoni mwa mwaka wa masomo, uwezekano wa mtoto kuwa na uzito uliozidi ulikuwa pungufu kwa asilimia 31 katika shule hizo. Mjini New York, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha shule zaidi ya 1,200 ulikuta kwamba pale mashine za maji zilipowekwa, idadi ya wenye uzito uliozidi ilishuka, ingawa kwa chini ya asilimia moja. Kwa mtoto mmoja hilo ni badiliko dogo mno, lakini kwa jiji zima ni maelfu ya watoto.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Boston lililohusisha vijana 38 wenye uzito mkubwa. Wote walipewa mwongozo wa kula kwa ajili ya kupunguza uzito, na nusu yao wakatakiwa pia kunywa vikombe vinane vya maji kila siku. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti ya uzito kati ya makundi hayo mawili, na wengi wa walioagizwa vikombe vinane hawakuvifikia. Hata matokeo ya Ujerumani yana utata unaoigusa hoja yangu moja kwa moja, kwa sababu watoto wale walisema wameongeza maji bila kupunguza soda wala juisi. Inawezekana kumbukumbu zao hazikuwa sahihi, kwani mtoto kueleza alichokunywa jana ni jambo gumu, lakini siwezi kulitumia hilo kuufuta utata wenyewe.

Kinachonifanya nibaki na msimamo wangu ni jaribio la Uholanzi la mwaka 2012. Watoto 641 walipewa kila siku kinywaji cha mililita 250 chenye ladha na mwonekano uleule. Kundi moja lilipata chenye sukari, jingine kisicho na sukari, na hakuna mtoto aliyeelezwa yuko kundi gani. Baada ya miezi 18, waliokunywa kisicho na sukari walikuwa wameongezeka uzito kwa takribani kilo moja pungufu kuliko wenzao. Haikuwa maji, lakini jaribio hilo linaonyesha waziwazi kazi ya sukari inayonyweka.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 za sukari au zaidi, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600 hiyo ni gramu 40, kwa hiyo chupa moja inakaribia kuimaliza nafasi yote. Wakati wa mapumziko ya saa nne, nje ya geti la shule, mtoto mwenye shilingi mia mbili atanunua barafu ya rangi au juisi ya unga iliyofungwa kwenye kifuko, kwa kuwa bomba la shule limekauka tangu asubuhi na kidumu alichobeba kimetumika kumwagilia maua na kudekia darasa. Kumhubiria mtoto huyo kuhusu maji ni kumwonea.

Kuna pia wanaodai kwamba maji baridi huyeyusha mafuta mwilini. Kupasha nusu lita ya maji ya friji hadi kufikia joto la mwili hutumia takribani kalori 16, ambazo zinarudishwa na kijiko kimoja cha sukari kwenye chai.

Tahadhari nyingine ni kwamba si kila mtoto wetu anahitaji kupungua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kule New York, mashine za maji zilipoingia shuleni, ununuzi wa maziwa ulipungua. Huko huenda ni unafuu, lakini kwa mtoto wa Monduli au Longido ambaye maziwa ni sehemu kubwa ya mlo wake, ingekuwa hasara. Maji yachukue nafasi ya soda, yasichukue nafasi ya maziwa wala uji, na mtoto asiyetimiza miezi sita asipewe kabisa.

Ninalotaka kulisisitiza zaidi ni floraidi, madini yanayoingia kwenye maji kutoka kwenye miamba. Moshi mjini, unaotegemea sana chemchemi za Kilimanjaro, una nafuu. Katika miteremko ya Mlima Meru hali ni tofauti: vyanzo kadhaa vya upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki vina floraidi inayozidi mara kadhaa kiwango cha juu kinachokubalika cha miligramu 1.5 kwa lita, na athari yake inaonekana kwenye meno ya kahawia ya wanafunzi, na kwa wengine kwenye mifupa. Meno huathirika yanapojengeka, kabla ya umri wa takribani miaka minane, yaani umri uleule ambao kampeni za maji shuleni huulenga. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, kiwango chake hupanda. Teknolojia ya kuichuja ipo hapahapa: kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa ambayo hunasa floraidi maji yanapopita. Kwa hiyo kamati ya shule ya Arumeru inayopanga kununua tangi ili watoto waache juisi za vifuko ianze kwa kupeleka sampuli ya maji maabara, na gharama ya kichujio iingie kwenye bajeti ileile ya tangi.