Mwani mwingi hifadhini: uzima au maradhi?

Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986: kilomita za mraba 10 ambamo uvuvi hauruhusiwi. Malindi na Watamu zilitangulia mwaka 1968. Kwa umri huo ni haki kuuliza kama hifadhi inapaswa kulinda wingi wa aina za mwani, au kama mwani ukipungua ndipo tujue kazi imefanyika.

Wanaofurahia kupungua wana hoja nzito. Uvuvi ukikoma, samaki wanaokula mwani hurudi, ingawa si wote kwa pamoja: katika hifadhi za Kenya pono wamerudi mapema, kangaja wakachelewa, na jamii nzima ya samaki huchukua miaka 20 au zaidi kutengemaa. Pono hukwangua mwamba, tafi hukata majani laini, kangaja huchuna ule mwani mfupi unaotanda kama zulia. Kikande naye akiongezeka huwala nungu wa bahari, ambao kwenye miamba iliyovuliwa sana hujazana na kuusaga mwamba wenyewe. Nungu wakipungua, mwani wa chokaa unaopaka jiwe rangi ya waridi hutanda, na mabuu ya matumbawe hupenda kutua hapo. Kwa jicho hili, Sargassum na Turbinaria, mwani mkubwa wa kahawia, kuujaza mwamba ni hasara. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya pwani hii, na mwani ukapata mawe matupu ya kuotea.

Hata hivyo, kuuona mwani wote kama adui ni kosa. Halimeda, mwani wa kijani, ina chokaa mwilini. Ikifa huvunjika ikawa mchanga mweupe. Vichaka vya Sargassum huhifadhi samaki wachanga. Mpimaji anayeandika "matumbawe" na "mwani" tu kwenye jedwali lake anaweza kupoteza aina kadhaa za mwani mwekundu bila namba yoyote kutikisika. Kisha kuna jambo linalosahaulika sana: wingi wa mwani na wingi wa aina zake ni vitu viwili. Ulva, mwani mwingine wa kijani, ikitanda penye maji yenye mbolea nyingi, kijani huongezeka na aina hupungua kwa wakati mmoja. Ulaji wa wastani mara nyingi hufanya kinyume chake, kwa kuwa samaki huzuia aina moja yenye nguvu isizifunike nyingine.

Mimi naegemea kwa wanaotaka aina zihesabiwe, kwa sharti kwamba hesabu iaminike. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kosa la kwanza ni msimu. Kusi huchafua bahari na mawimbi yake hung'oa mwani. Ukilinganisha Februari ya mwaka huu na Agosti ya miaka kumi iliyopita, tofauti utakayoiona huenda ni ya pepo tu. Pima mwezi uleule, maji yakipwa ya bamvua, kwenye vituo vilevile vilivyowekewa alama. Kaza kamba ya mita 10, weka fremu ya sentimita 50 kwa 50 kwa nafasi sawa, na usichanganye fremu za wangwani na za mwambani. Idadi ya fremu nayo isibadilike: ukiweka 30 pale ulipokuwa ukiweka 15, aina mpya zitajitokeza hata kama bahari haijabadilika.

Kosa la pili ni macho. Zulia la mwani lenye urefu wa chini ya sentimita moja huwa na aina nyingi zisizotambulika bila darubini. Mmoja huandika "zulia", mwenzake anayemrithi akataja majina manane, na grafu ikapaa. Dawa yake ni sampuli. Osha kipande kwa maji ya bahari, kitandaze juu ya karatasi nene ndani ya sinia la maji, inua polepole, funika kwa kitambaa chepesi, kisha bana kati ya magazeti ukiyabadilisha kila siku hadi kikauke. Andika mahali, kina na tarehe. Kipande kingine kihifadhi gizani kwenye formalini ya asilimia 4 iliyochanganywa na maji ya bahari. Mwanasayansi wa baadaye akilitilia shaka jina, atafungua kabati badala ya kubahatisha.

Bado hesabu safi haitamaliza ubishi, maana kupungua kulekule kwa aina kunaweza kuletwa na pono walioongezeka au na maji ya mashimo ya vyoo vya hoteli yanayopenya chini ya mchanga hadi wangwani. Marufuku ya uvuvi inaleta la kwanza. La pili haiwezi kulizuia. Kwa hiyo samaki, nungu na naitrati, yaani mbolea inayoletwa na maji hayo machafu, zipimwe siku ileile na mahali palepale ambapo fremu za mwani zinawekwa.