Kreki haina metadoni: jela au hospitali?

Mjadala kuhusu mateja wa Nairobi una pande mbili. Upande mmoja unasema wafungwe, maana mitaa imechoka. Mita za maji zinang'olewa, nyaya zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na mama anarudi kutoka sokoni akute mtungi wa gesi umeshauzwa. Upande wa pili unasema teja ni mgonjwa, apelekwe hospitali ya Mathari au kliniki ya Ngara akanywe metadoni. Sisi tuko karibu zaidi na upande huu wa pili, lakini hoja yake ina tundu kubwa. Metadoni, iliyoanza kutolewa Mathari Desemba 2014, ni dawa ya waraibu wa heroini na jamaa zake. Kwa anayevuta kreki, yaani kokeini iliyogeuzwa mawe ili iweze kuvutwa kwa moshi, haitibu kitu.

Mitaani kila kitu huitwa unga, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Heroini hulegeza mwili na kupunguza pumzi. Kokeini hufanya kinyume: huzuia chembe za ubongo kuirudisha dopamini, kemikali ya raha, zilikoitoa, basi inarundikana, na mvutaji anajiona ana nguvu za simba. Kokeini ya kunusa humpa mtu stimu ya dakika 15 hadi 30. Moshi wa kreki unafika ubongoni kwa sekunde 10 hivi na stimu inakwisha baada ya dakika 5 hadi 10. Dawa ni ileile, kilichobadilika ni kasi, na kasi hiyo ndiyo inayonasa. Mtu anavuta, inashuka, anavuta tena, usiku kucha, bila kula wala kulala, mpaka pesa zikatike.

Arosto yake, yaani mateso ya kuikosa, nayo ni tofauti. Aliyekosa heroini anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma. Hata askari wa zamu anaona kuwa huyu anaumwa. Aliyekosa kreki analala mchana kutwa, anaamka na njaa, kisha anakaa kimya. Wanaotaka jela husema, na hapa wana ukweli, kwamba kukatizwa kreki ghafla hakuui kama kunavyoweza kumuua mlevi sugu wa pombe. Lakini ule ukimya si nafuu. Ni huzuni nzito, na mawazo ya kujiua huja katika siku hizo hizo. Mahabusu wa namna hii hafai kuachwa peke yake eti kwa sababu hasumbui.

Hatari kubwa zaidi ni moyo. Kokeini hubana mishipa ya damu huku ikiuendesha moyo mbio. Moyo unadai hewa zaidi wakati njia ya kuipata imeshafinywa, na damu nayo inaganda kwa urahisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikuta kwamba katika dakika 60 za kwanza baada ya kutumia kokeini, uwezekano wa shambulio la moyo hupanda mara 24. Si ugonjwa wa wazee huo, unampata kijana wa miaka 25 asiyejua kama ana moyo. Akichanganya na pombe, ini linatengeneza kemikali nyingine, kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na kuudhuru moyo zaidi. Wengi hunywa ili kushusha wasiwasi wa kreki, wakidhani wanajituliza.

Mapafu nayo yana balaa lake. Ndani ya saa 48 baada ya kuvuta, mtu anaweza kupata homa, kikohozi chenye damu na kukosa pumzi. Kuubana moshi kifuani kwa nguvu kunaweza kupasua pafu. Na kwa kuwa kila mvutaji hukohoa, kifua kikuu hujificha humo humo: chumba kimefungwa, kibomba kinazunguka kutoka mdomo hadi mdomo, na kila mtu anasema ni moshi tu. Kikohozi kilichozidi wiki 2 kipimwe makohozi. Kibomba cha moto hupasua midomo, na damu ya midomo inaweza kubeba homa ya ini aina ya C. Wauzaji nao huchanganya kokeini na levamisoli, dawa ya minyoo inayojulikana vizuri na wafugaji, ambayo huweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Homa na vidonda vya mdomo kwa mvutaji ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtu akizidiwa, dalili ni maumivu ya kifua, degedege, mwili kuwaka moto, kuchanganyikiwa. Mtoe kwenye joto, mvue nguo nzito, mpangusie maji na umpepee. Akiwa hana fahamu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Usimbane kwa nguvu akipigana, maana joto linazidi. Usimpe maziwa wala chochote mdomoni. Hakisafishi sumu iliyoingia kwa mapafu, na kitamkaba. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, haitibu kokeini, ila kama pumzi imepungua mpe, kwa sababu huenda kulikuwa na heroini ndani. Na mwambieni daktari ukweli: kuna dawa za moyo, kama propranololi, zinazoweza kumzidishia mgonjwa mwenye kokeini mwilini. Kuogopa kutaja kokeini kwa sababu ya polisi kunaweza kumgharimu mtu uhai, na hilo tunaliweka kwenye mizani dhidi ya hoja ya jela.

Hoja yenyewe ya jela si ya kipuuzi. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilikusudia kukata biashara, na biashara ipo: Desemba 2004 zaidi ya tani moja ya kokeini ilinaswa Nairobi na Malindi. Mwenye shehena kama hiyo hana haja ya daktari. Tatizo ni kwamba nyavu hunasa dagaa, mvutaji mwenye kete moja. Marekani ilipitia njia hiyo. Sheria yake ya 1986 iliweka kifungo cha angalau miaka 5 kwa gramu 5 za kreki, huku kokeini ya unga ikihitaji gramu 500 kwa adhabu ileile. Magereza yalijaa, wengi wa waliofungwa kwa kreki wakiwa Weusi, na mwaka 2010 bunge lao likapandisha kiwango cha kreki hadi gramu 28. Miaka ile ya 1980 walitishwa pia na habari za kizazi cha watoto walioharibiwa akili na kreki tumboni. Uchunguzi wa miaka mingi baadaye ulionyesha hofu ile ilipita kiasi. Mimba iko hatarini kweli, kondo la nyuma linaweza kubanduka na mtoto akazaliwa kabla ya wakati au mdogo, lakini mama aliyetishiwa kufungwa hukwepa kliniki, na hapo mtoto anapoteza zaidi.

Basi tiba iko wapi? Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa uraibu wa kokeini. Kilichoonyesha matokeo mazuri zaidi ni njia inayowakera wengi: kumtuza mgonjwa mkojo wake unapokuwa safi. Kokeini huacha alama mkojoni kwa siku 2 hadi 4, kwa hiyo kipimo hufanywa mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki 12 hivi. Chombo hupimwa joto ndani ya dakika 4. Likiwa nje ya nyuzi 32 hadi 38, mkojo huo si wake au umechezewa. Akiwa safi anachota karatasi kwenye bakuli lenye karatasi 500. Nusu zina pongezi tu, 209 zina zawadi ya dola moja, 40 za dola 20, na moja ya dola 100. Kila wiki safi inamwongezea idadi ya kuchota. Akiteleza anarudi kwenye moja. Hapigiwi kelele wala hafukuzwi. Ubongo uliozoeshwa malipo ya sekunde 10 unafundishwa malipo mengine yasiyochelewa sana. Idara ya afya ya maveterani wa Marekani imekuwa ikiitumia tangu 2011.

Wapinzani wanauliza kwa nini teja alipwe kwa kuacha wizi wakati jirani yake hajawahi kuiba. Swali hilo ni halali, na tunaongeza kasoro nyingine: zawadi zikikoma, sehemu ya mafanikio huyeyuka, hivyo lazima ziende pamoja na ushauri nasaha na kazi ya kufanya. Hata hivyo linganisheni gharama na mahabusu anayelishwa na serikali miezi kadhaa, kisha anatoka gereza la Industrial Area jioni moja bila nauli, akirudi maskani ileile. Zawadi za Nairobi si lazima ziwe fedha taslimu, ambazo zinaweza kurudi kwa muuzaji. Kilo mbili za sukari, gesi iliyojazwa, karo ya mtoto iliyolipwa moja kwa moja shuleni, vyote vinatosha.

Kwa anayetumia heroini na kreki pamoja njia ni fupi: tayari anafika kila siku kwenye dirisha la metadoni, na kipimo cha kokeini kinaweza kufanywa hapo hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anayevuta kreki peke yake hana dirisha la kumwita asubuhi. Kwa sasa anachoweza kufanya ni kupiga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au familia ichange ada ya kituo cha kurekebisha waraibu cha siku 90. Kabla ya kulipa, familia iulize mambo matatu: je, kituo kina kibali, nani anampima moyo na hali ya huzuni siku ya kwanza, na nani atampima mkojo siku ya 91.